Khitma ya Kamusi

Mwezi uliopita, kazini kwetu Rusayl, nje ya Maskati, nilimwandikia mteja barua pepe kumwambia kwamba makontena yake yatafika "overmorrow". Wala sikugundua, vidole vilikwenda vyenyewe. Haukupita muda akaja mezani kwangu kijana wa mauzo aliyepelekewa nakala, Mhindi mpole ambaye nadhani alizaliwa na simu mkononi, akaniuliza kwa adabu kama nimekosea kuchapa. Nikamwambia sikukosea. Hilo ni neno la Kiingereza khasa, maana yake kesho kutwa. Akaenda kulitafuta, akarudi amefurahi kama aliyeokota kitu njiani. "Kweli lipo, Madam! Lakini limekufa zamani sana. Nani alikufundisha?"

Aliyenifundisha tulikuwa tumemzika wiki hiyo hiyo, na pale kazini sikuwa nimemwambia mtu kama nimefiwa. Shangazi si mama, watu wangesema pole mara moja wakarudi kwenye kompyuta zao. Nikaenda msalani, nikafungulia maji ili nisisikike, nikalia mpaka pua ikaziba.

Shangazi Thureya alikuwa dada mkubwa wa baba. Alisomeshwa Unguja, skuli ya wasichana, na walimu wa kike wa Kizungu waliompiga rula ya vifundo kila akikosea kutamka. Familia ilipohamia Maskati alikuwa msichana mkubwa asiyejua Kiarabu hata cha kuombea maji. Kilichompatia kazi ni hicho Kiingereza cha rula. Wizara zilikuwa mpya, taipureta mpya, na watu wa kuziandikia walikuwa wa kutafutwa. Alipiga taipu mpaka akastaafu. "Kizungu ndo kilonlisha," akipenda kusema. "Kiarabu nimekipata ukubwani, kama meno ya bandia." Aliolewa mara moja, akaachwa, hakujaaliwa mtoto, na hakupenda kulizungumza hilo kwa lugha yoyote.

Nilipelekwa kwake nikiwa na miaka tisa, mama alipoanza kuugua. Sikuambiwa ugonjwa gani. Niliambiwa tu kwamba baba anampeleka India kutizamwa. Kwetu, kwenda India kutizamwa lilikuwa jambo la kawaida. Watu walikwenda wagonjwa wakarudi na bangili, vitambaa na masanduku ya maembe. Kwa hiyo siku waliyoondoka sikulia. Nilimwagiza mama bangili za kijani.

Nyumba ya Shangazi ilikuwa Wattaya, ghorofa ya tatu, nyuma ya maduka ya magari. Dirisha la chumba nilicholala lilitazama ua ambamo magari mapya yaliwekwa yakisubiri wenyewe, viti bado vimevishwa nailoni. Jioni hewa iliingia na harufu ya mpira wa matairi. Watu walikuja kuchukua magari yao familia nzima, baba kavaa kanzu mpya na kofia, mama kabeba mtoto, na watoto wanarukaruka kwenye kiti cha nyuma kabla hata gari halijawashwa. Niliwatazama mpaka taa za breki zikapotea kwenye barabara kubwa. Kisha nilibaki na kiyoyozi kinachodondosha maji kwenye ndoo. Sijapata kusikia sauti ya upweke iliyo wazi zaidi kuliko ile.

Sikuwa na mtu wa kucheza naye. Watoto wa chini yetu walizungumza Kiarabu cha mbio, wakinikuta kwenye ngazi walinyamaza. Skuli nayo ilikuwa mpya kwangu, nimeingia katikati ya mwaka, kila mtu keshapata mwenzake. Nikirudi, nilikula, nikasali, nikakaa. Shangazi hakuwa mtu wa kubembeleza. Hakujua kusuka nywele, hakujua hadithi za sungura. Nadhani alinitazama siku kadhaa akiwaza afanye nini na mtoto wa watu, na mwishowe akatoa kitu pekee alichokuwa nacho kwa wingi, nacho ni maneno.

Alikuwa na kamusi ya Kiingereza aliyoachiwa na Mzungu mmoja wa wizarani, aliyekuwa akirejea kwao na mizigo imemzidi. Ilikuwa nene kama tofali, jalada la kahawia, na ilinuka dawa ya mende kwa sababu aliiweka kabatini pamoja na kanga zake. Humo ndani baadhi ya maneno yalitanguliwa na alama ndogo, kijambia kilichosimama kwa ncha. Mimi jambia nililolijua ni la kwenye bendera ya nchi, kwa hiyo nikauliza kama hayo ni maneno ya serikali.

"Hayo yalokufa," akasema. "Waingereza wenyewe hawayasemi tena. Haya mengine yanasomwa na kila mtu, hayana haja yetu. Sisi tusome haya yalotupwa."

Aliamini kwamba Kiingereza cha siku hizi kimechuja na kwamba cha kiungwana ndicho hicho cha zamani. Alimsikiliza mtangazaji wa televisheni akitikisa kichwa kama mtu anayeona wali umeungua. Basi tukaanza, kila siku baada ya laasiri, yeye kwenye kochi na miwani yake, mimi chini kwenye zulia, kamusi juu ya mto baina yetu. Yeye alilisoma neno, mimi nikalirudia, kisha akanieleza maana kwa Kiswahili. Siku hiyo ya kwanza alilipiga jalada kwa kiganja, akasema neno ambalo nina hakika hata hakulipima.

"Tukikimaliza hichi, inshallah mama'ko kesharudi."

Sasa, ili mtu aelewe nilivyolipokea, lazima ajue Alkhamisi zetu. Kila Alkhamisi jamaa zetu wanawake walikuja pale kumsomea mama. Shangazi alifukiza udi, akatoa sanduku la juzuu, vile vitabu vyembamba ambavyo Kurani nzima imegawiwa ndani yake, kila mmoja akachukua chake. Walisoma kwa sauti za chini, midomo ikicheza, mpaka wote wamalize na Kurani iwe imekhitimiwa. Ndipo mikono ikainuliwa, dua ikaombwa, mama akatajwa kwa jina lake, na baadaye ikaletwa halwa na kahawa. Nilimuuliza bibi mmoja kwa nini wasome yote, wasisome kidogo tu wakaomba. Akanambia, "Kitu kikikhitimiwa, mwanangu, dua yake haina pingamizi." Na aliponiona nafuata kwa macho tu akanigonga begani. "Tia ulimi. Kusoma kwa macho si kusoma."

Nikajumlisha. Kitabu kinene, kinasomwa kila siku, mkubwa na mdogo, kwa ulimi, kuanzia mwanzo hadi mwisho, na mwisho wake mama atarudi. Kama ile si khitma basi ni nini? Tena yetu niliiona kubwa zaidi, maana wale wanawake walikuwa sebule nzima nao wakimaliza kwa mara moja, na sisi tulikuwa wawili tu. Sikumwambia mtu. Nilikuwa na wazo kwamba jambo la namna hii ukilisema linapungua.

Nikaanza kutawadha kabla ya kuigusa kamusi. Nikalibusu jalada lake na kuiweka kwenye paji la uso nilipofungua na nilipofunga. Shangazi alinikuta mikono inadondosha maji.

"Kwani hujasali?"

"Nimeshasali."

"Basi mtoto msafi huyu," akacheka, akavaa miwani.

Nisiseme uongo, maneno yenyewe niliyapenda. Kulikuwa na flapdragon, mchezo wa kunyakua zabibu kavu kwenye sahani inayowaka moto na kuzila zikiwa zinawaka. Shangazi alisema ndiyo maana Waingereza wanazungumza hawafungui mdomo, walishaungua. Kulikuwa na gramercy, ahsante ya watu wa heshima, ambayo alinilazimisha nimwambie kila akinipa chai. Slubberdegullion, mtu mchafu asiyejiweza, jina hilo alipewa fundi wa kiyoyozi aliyetuachia nyayo za grisi kwenye zulia. Alimtamkia hivyo hivyo mlangoni kwa tabasamu, na yeye akajibu, "Welcome, welcome." Siku hiyo tulicheka pamoja mpaka tukakaa chini, na nikakumbuka kwamba tangu mama aondoke sikuwa nimecheka.

Lakini kulikuwa na maneno aliyoyaruka. La kwanza lilikuwa dwine. Aliweka kidole gumba juu yake.

"Hili tuliwache."

"Maana yake nini?"

"Halina maana ya maana. Twende mbele."

Alipokwenda jikoni kutazama sufuria nililisoma. Kukonda na kufifia kidogo kidogo mpaka kwisha. Sikuona ubaya wake. Nilichoona ni kwamba tumeruka, na kwenye khitma haarukwi hata aya. Nami nimelisoma kwa macho tu, na kusoma kwa macho si kusoma. Mbele huko akaruka lich, ambalo ni maiti, na mengine ya aina hiyo, kila mara kwa kidole gumba kile kile. Nilitaka kumwambia, nikajizuia. Mtoto hamsahihishi mkubwa, sembuse mkubwa aliyekupa kitanda. Nikawa naomba kimoyomoyo tusihesabiwe.

Kila Ijumaa baba alipiga simu, tukapewa mama kwa muda mfupi. Sauti yake ilikuwa ikipungua, nami nilidhani ni umbali. Ijumaa moja nilikuwa nimejaa habari.

"Mama, Waingereza wana neno la kesho kutwa!"

"Ati wanalo? Mbona walonsomesha mimi hawakunambia?"

"Wanalo, wamelitupa. Overmorrow."

Akalijaribu, akakohoa, akacheka. "Na mtondo jee? Siku ya baada yake wanaitaje?"

"Hawana."

"Mtondogoo?"

"Hiyo ndo hawana kabisa!"

"Maskini wa Mungu. Basi wakingoja mtu wao wanahesabu vipi?"

"We' mama utarudi lini?"

Akasema, "Mtondogoo, inshallah," kwa sauti ya mtu anayetania. Nilihesabu kwa vidole, leo nikaitoa. Siku ya nne nilikaa dirishani tangu niliporudi skuli, nikatazama watu wakichukua magari. Shangazi aliniita kwenye kamusi mara mbili, mara ya tatu akaniletea mkate wa ufuta pale pale dirishani, akaurudisha haujaguswa.

Skuli maneno yangu yalinizidishia upweke. Mwalimu alituambia tuandike tulivyoshinda mapumziko ya mwisho wa wiki, nikaandika kwamba juzi, ereyesterday, nilikwenda sokoni Matrah na shangazi, na jana, jioni, eventide, tukapika. Alizungushia mduara mwekundu kila neno nililolionea fahari. Alikuwa mwanamke mpole, akaniinamia, akaniambia niandike kama watoto wenzangu. Wenzangu walikuwa wameshasikia. Kwa wiki nzima waliniita Bibi Kizee kwa Kiarabu, wakatembea nyuma yangu wamepinda migongo. Wakati wa mapumziko nilisimama kwenye mashine ya maji baridi, nikijifanya nina kiu. Sikuacha kuyasema, lakini. Nilikuwa na kazi kubwa kuliko wao.

Tukazidi kukaribia mwisho, na mimi nikawa na haraka. Nilimwomba tusome na asubuhi za Ijumaa, tusome na baada ya magharibi. Tulipofika kwenye thole, kustahimili maumivu bila kulalamika, nilimwona amelikazia macho muda mrefu, nikahofia ataliruka na hilo. Akalisoma. Akalisoma tena bila kuombwa.

Neno la mwisho kabisa lilikuwa zythum. Shangazi alisoma maana, akavua miwani, akaisoma tena.

"Astaghfirullah! Pombe! Pombe ya Wamisri wa kina Firauni!" Akajipiga paja. "Miezi yote hii, Zuwena, kumbe tunakwenda kufunga na pombe!"

Alicheka mpaka machozi yakamtoka. Mimi sikucheka. Niliibusu kamusi, nikaifunga, nikakaa vizuri, nikainua mikono. Nikasoma Fatiha, nikamtaja mama kwa jina lake na la baba yake kama walivyofanya wale wanawake, nikaomba arudi, nikasema amin na kujipangusa uso. Nilipofungua macho Shangazi alikuwa ameacha kucheka.

"Unafanya nini, mwanangu?"

"Si tumekhitimu? Mwenyewe ulisema tukimaliza mama atarudi."

Aliitazama kamusi, akaitazama mikono yangu ambayo bado ilikuwa mibichi, nikamwona anavyokumbuka, siku baada ya siku, kila mara aliyonikuta na maji ya udhu. Akainuka akaenda jikoni. Nilisikia bomba limefunguliwa, maji yanakwenda bure. Nilikuja kujua ukubwani kwamba wiki ile madaktari walikuwa wameshamwambia baba hawana tena la kufanya, na baba alikuwa ameshamwambia yeye.

Kesho yake nilivaa nguo yangu ya Idi. Shangazi aliiona, akaipasi upya pindo bila kuniuliza. Niliivaa siku ya pili na ya tatu, mpaka kola ikaanza kuwa nyeusi, naye kila usiku akaifua, asubuhi nikaikuta imetundikwa.

Baba alirudi asubuhi moja peke yake. Alikuwa na ndevu ambazo sikuzijua, na begi la mama. Alikaa kwenye kochi, akanipakata, akauficha uso wake nyuma ya kichwa changu. Shangazi ndiye aliyepiga magoti mbele yangu, akanishika mikono yote miwili, akanambia mama kafa, Mungu kamchukua, wamemzika huko huko, hatorudi. Alilisema kwa Kiswahili, kwa maneno mafupi, na hakuliruka hata moja.

Kwa siku tatu nyumba ilijaa watu. Nilipitishwa mikononi mwa wanawake walionuka udi na machozi, sikulia. Nilikuwa nafikiri. Nilirudi nyuma ukurasa baada ya ukurasa nikitafuta tulipokosea. Niliogopa ni mimi, labda siku moja nilishika bila udhu, labda nilipitiwa na usingizi kwenye neno refu. Wazo hilo lilinila hata chakula kikakataa kushuka. Watu walipoondoka, tukabaki watatu sebuleni, lilinishinda, nikamgeukia Shangazi.

"Wewe uliruka maneno!"

Alikuwa akikusanya vikombe. Akasimama.

"Uliruka dwine! Uliruka lich! Nilikuona, unaweka kidole! Khitma hairukwi! Mama angerudi!"

Baba alishtuka. Hakujua habari ya kamusi wala khitma, lakini aliisikia sauti yangu. "La, binti yangu, usiseme hivyo," akaanza, "kifo ni amri ya Mungu, hakuna neno linalo..." Shangazi alimwinulia mkono asiendelee. Aliviweka vikombe chini, akaja akakaa kwenye zulia, pale pale nilipokuwa nikikaa mimi.

"Kweli," akasema. "Niliyaruka mimi. We' ulisoma yote nlokwambia usome, hukukosea hata moja. Ni mimi."

"Thureya!" baba akasema.

"Ni mimi," akarudia, bila kumtazama.

Hapo ndipo nililia. Nilimpiga kwa ngumi kifuani na mabegani, naye alikaa akizipokea, mpaka nikachoka na kulala juu ya mapaja yake yule yule niliyekuwa nikimpiga. Usiku ule nilikula.

Nilibaki kwake mpaka nikamaliza skuli, kwa kuwa baba alioa tena na nyumba ya pili haikuwa na nafasi yangu. Kwa muda mrefu nilimwekea kinyongo. Nikimkasirikia kwa jambo lolote, la chumvi kuzidi au la kukatazwa kwenda kwa rafiki, nilikuwa na hilo mfukoni, nikamtazama tu na yeye akajua. Hakujitetea hata siku moja. Hata nilipokuwa mkubwa wa kujua kwamba kamusi ni kamusi, hakunigeukia akasema unaona sasa. Aliswali swala tano, mwanamke aliyeifahamu dini yake vizuri kuliko wengi, na alikubali mbele ya mtoto kwamba kidole chake gumba ndicho kilichomuua mama yangu. Alijua lazima nimlaumu mtu. Na katika ile nyumba, wakati wa kusoma, tulikuwa wawili tu, yeye na mimi, kwa hiyo akahakikisha siwi mimi.